Mipaka ya Kuazima: Udokezi, Takhmisa na Sheria ya Hakimiliki katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Fasihi ya Kiswahili imekua kwa kuazima: watunzi wamejibizana kwa mashairi, wamekunja beti za wengine ndani ya beti zao, wamefasiri tamthilia za kigeni na kuzipa maisha mapya hadithi za kale. Nadharia ya mwingilianomatini imelieleza jambo hili kama hali ya kawaida ya matini yoyote. Sheria ya hakimiliki, kwa upande wake, inauliza swali jingine: ni nini hasa kilichochukuliwa, kwa kiasi gani, na kwa idhini ya nani? Makala haya yanafafanua namna maswali hayo mawili yanavyokutana na yanavyoachana. Kwa kutumia mifano ya Shaaban Robert, Julius Nyerere, Muhammed Said Abdulla na utanzu wa takhmisa, yanaonyesha kwamba kuazima kuna ngazi, na kwamba kila ngazi ina hukumu yake. Makala yanahitimisha kwamba udokezi wa kweli ni nadra sana kugongana na sheria, na kwamba hatari kubwa imo katika kunakili usemi wa mtunzi ambaye kazi yake bado inalindwa, hata pale jina lake linapotajwa kwa heshima.

Maneno makuu: hakimiliki, udokezi, mwingilianomatini, takhmisa, nukuu, milki ya umma

1.0 Utangulizi

Wahenga walionya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Onyo hilo lina mahali pake, lakini historia ya fasihi haikulifuata. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, ina kiini chake katika mojawapo ya hadithi za Alfu Lela Ulela. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya William Shakespeare, ambayo baadaye iliitwa Juliasi Kaizari. Shakespeare mwenyewe alichota kisa hicho kwa Plutarch kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579, na North alikuwa ameitegemea tafsiri ya Kifaransa ya Jacques Amyot. Hivyo msomaji wa Kiswahili anapoifungua Juliasi Kaizari, mkononi mwake ana kazi iliyopita katika mikono mitano na lugha nne. Hakuna anayemwita hata mmoja wa waandishi hao mwizi.

Hata hivyo, mwandishi wa leo anaandika katika mazingira ambayo North na Shakespeare hawakuyajua. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unaohusu ulinzi wa kazi za fasihi na sanaa mwaka 1993, na Tanzania ikafuata mwaka 1994. Kwa hiyo kuazima si suala la ufundi na adabu peke yake. Ni suala la haki inayoweza kudaiwa mahakamani.

Kutokuielewa haki hiyo kunazaa makosa mawili yanayopingana. Kosa la kwanza ni la hofu: mwanafunzi wa uzamili anaondoa beti anazozichambua katika tasnifu yake kwa kudhani kwamba kunukuu ni kuvunja sheria, na uchambuzi wake unabaki bila ushahidi. Kosa la pili ni la ulegevu: mkusanyaji wa diwani anaingiza mashairi kamili ya watunzi walio hai, akiamini kwamba kutaja majina yao kunatosha. Wa kwanza anajinyima haki aliyonayo. Wa pili anajipa haki asiyo nayo. Wote wawili wanakosa kutofautisha ngazi za kuazima, na hizo ndizo zinazofafanuliwa hapa.

2.0 Kuazima katika Jicho la Fasihi

Dhana ya mwingilianomatini iliingizwa katika nadharia ya fasihi na Julia Kristeva mwishoni mwa miaka ya 1960, alipokuwa akiyajadili mawazo ya Mikhail Bakhtin. Kwa mtazamo huo, hakuna matini inayosimama peke yake. Kila moja inazungumza na nyingine zilizoitangulia. Gérard Genette, katika kitabu chake Palimpsestes cha mwaka 1982, aliipa dhana hiyo maana finyu zaidi. Kwake, kuwapo kwa matini moja ndani ya nyingine kuna sura tatu: nukuu, wizi wa maandishi na udokezi.

Uainishaji huo unahitaji kutazamwa kwa makini. Genette anaziweka sura hizo tatu katika kundi moja kwa sababu anachokichunguza ni uhusiano wa matini kwa matini. Katika nukuu, uhusiano huo uko wazi na maneno ni yaleyale. Katika wizi, maneno ni yaleyale lakini uhusiano umefichwa. Katika udokezi, maneno si lazima yawe yaleyale, ila msomaji anatarajiwa kuutambua uhusiano ili maana ikamilike. Fasihi inaweza kuzikusanya pamoja, sheria haiwezi. Kwa sheria, nukuu inaruhusiwa kwa masharti, wizi unaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki, na udokezi, katika hali yake safi, hauigusi hakimiliki kabisa.

Katika makala haya, udokezi una maana ya ishara fupi inayomwelekeza msomaji kwenye kazi, mtu au tukio lililo nje ya matini bila kuinakili kazi hiyo. Jina la mhusika, umbo la tukio, picha inayokumbusha utenzi fulani: hivi vyote vinaweza kuwa udokezi. Unategemea kumbukumbu ya msomaji. Pasipo kumbukumbu hiyo, udokezi unapita bila kuonekana; penye kumbukumbu, neno moja linabeba kitabu kizima. Ndiyo maana mtunzi anayedokeza hafichi alikochota. Akificha kabisa, ameiharibu kazi yake mwenyewe.

3.0 Kuazima katika Jicho la Sheria

Msingi wa sheria ya hakimiliki ni tofauti kati ya wazo na usemi wake. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unaieleza tofauti hiyo katika ibara ya 9: ulinzi unahusu namna jambo lilivyoelezwa, hauhusu wazo lenyewe. Dhamira ya usaliti wa ndugu si mali ya mtu. Kisa cha kijana anayeondoka kijijini kwenda mjini na kupotea si mali ya mtu. Kinachomilikiwa ni mpangilio mahususi wa maneno, matukio na sifa ambao mtunzi aliubuni kwa juhudi zake. Sheria ya Kenya inadai mambo mawili ili kazi ya fasihi ilindwe: iwe imefanyiwa juhudi ya kutosha kuipa upekee, na iwe imeandikwa, imerekodiwa au kuwekwa katika umbo linaloshikika.

Haki zinazotokana na ulinzi huo ni za aina mbili. Haki za kiuchumi zinampa mtunzi mamlaka ya kuruhusu au kukataza kunakiliwa, kutafsiriwa, kugeuzwa na kutolewa hadharani kwa kazi yake. Haki za kimaadili, zilizoingizwa katika Mkataba wa Berne mwaka 1928 kwa ibara ya 6 bis, zinampa haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na haki ya kupinga upotoshaji wa kazi unaoivunjia heshima yake. Mtunzi anaweza kumuuzia mchapishaji haki za kiuchumi na bado akabaki na zile za kimaadili.

Ulinzi huo una mwisho. Tanzania na Kenya zote mbili zinatumia kipimo cha uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zinatumia miaka 70. Muda ukiisha, kazi inaingia katika milki ya umma na yeyote anaweza kuinakili, kuifasiri au kuigeuza. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kwa kipimo cha miaka 50, ulinzi wa kazi zake ulifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2012. Hili ni jambo zito kwa fasihi ya Kiswahili, na halijazungumzwa kwa kiasi kinachostahili: mwandishi wa Tanzania au Kenya anaweza leo kuiendeleza Kusadikika, kuigeuza kuwa tamthilia au kuisimulia upya kwa macho ya mhusika mwingine. Hata hivyo, uhuru huo unahusu maneno ya Shaaban Robert pekee. Utangulizi, maelezo na michoro iliyoongezwa na wengine katika matoleo ya baadaye ni kazi za watu hao, na kila moja ina hesabu yake.

4.0 Ngazi za Kuazima

Kwa kuziweka pamoja nadharia na sheria, kuazima kunaweza kupangwa katika ngazi tano, kuanzia isiyohitaji idhini ya yeyote hadi isiyowezekana bila idhini.

4.1 Umbo, bahari na dhamira

Ngazi ya kwanza ni ya umbo. Beti yenye mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawika nane kwa nane, haina mmiliki. Vina vya kati na vya mwisho havina mmiliki. Utaratibu wa kuufungua utenzi kwa kumtaja Mungu na kuomba kalamu na wino hauna mmiliki. Anayetunga katika bahari iliyopendwa na mshairi fulani anaweza kuambiwa kwamba ameiga, na mhakiki anaweza kumlaumu kwa kukosa sauti yake mwenyewe, lakini lawama hiyo ni ya kisanaa. Haina uzito wa kisheria.

4.2 Jina na anwani

Ngazi ya pili ni udokezi unaobebwa na maneno machache. Mfano bora ni riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ya mwaka 1958. Anwani yake imetoka katika shairi la W. B. Yeats liitwalo "The Second Coming", na mishororo minne ya shairi hilo imewekwa mwanzoni mwa riwaya. Yeats alifariki Januari 1939, kwa hiyo mwaka 1958 kazi zake zilikuwa bado zinalindwa nchini Uingereza. Hapa kuna matendo mawili yanayofanana machoni pa msomaji lakini yanayotofautiana kisheria. Anwani ya maneno matatu ni udokezi. Maneno machache ya kawaida kwa kawaida hayatoshi kuwa kazi inayolindwa. Mishororo minne ni nukuu, na nukuu ina masharti yake.

Riwaya hiyo ilipofasiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute mwaka 1973, iliitwa Shujaa Okonkwo. Anwani hiyo inamtambulisha mhusika mkuu kwa namna inayomfaa msomaji aliyezoea tendi za mashujaa, lakini uhusiano na Yeats umeondoka kwenye jalada. Mfano huu unaonyesha kwamba udokezi ni dhaifu kuliko nukuu: hauvuki mpaka wa lugha kwa urahisi, kwa sababu kumbukumbu unayoitegemea haipo upande wa pili. Sheria inaiacha huru ngazi hii kwa sababu kinachoazimwa ni kumbukumbu ya wasomaji, na kumbukumbu haimilikiwi.

4.3 Mhusika na kielelezo

Ngazi ya tatu ni ya wahusika. Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alimjenga Bwana Msa, mpelelezi mtulivu mwenye kiko mdomoni, na kumpa rafiki wa kuandamana naye, Najum. Wahakiki wameona mara nyingi kwamba wawili hawa wanawakumbusha Sherlock Holmes na Daktari Watson wa Arthur Conan Doyle. Doyle alifariki mwaka 1930, na kwa kipimo cha miaka 50 kilichotumika Uingereza wakati huo kazi zake zililindwa hadi mwisho wa mwaka 1980. Je, Abdulla alivuka mpaka?

Jibu ni hapana, na sababu yake ina mafunzo. Alichoazima ni kielelezo: mpelelezi mwenye akili pevu, rafiki anayeshangaa kwa niaba ya msomaji, fumbo linalofumbuliwa mwishoni kwa hoja. Kielelezo ni wazo. Usemi, yaani Unguja yake, mazungumzo yake, misuko ya visa na mzaha wake, ni wa Abdulla mwenyewe. Angelimwita mpelelezi wake Sherlock Holmes na kumpa visa vilivyokwisha kuandikwa na Doyle, hukumu ingekuwa nyingine.

Mipaka ya ulinzi wa mhusika ilipimwa nchini Marekani mwaka 2014, pale mahakama ya rufaa iliyoko Chicago ilipoamua shauri kati ya Leslie Klinger na wamiliki wa haki za Doyle. Wakati huo hadithi nyingi za Holmes zilikuwa zimekwisha kuingia katika milki ya umma nchini humo, lakini hadithi kumi za mwisho zilikuwa bado zinalindwa. Mahakama iliamua kwamba sifa za mhusika zilizomo katika hadithi zilizo huru ni huru. Hadithi za baadaye haziwezi kurudisha nyuma ulinzi uliokwisha. Kwa mwandishi wa Kiswahili, shauri hilo lina maana ya pande mbili. Holmes sasa ni wa wote. Bwana Msa bado si wa wote, kwa kuwa Abdulla aliendelea kuchapisha hadi miaka ya 1980, na miaka 50 tangu kifo chake haijatimia. Kuunda mpelelezi mwingine anayemkumbusha Bwana Msa kunaruhusiwa. Kumtwaa Bwana Msa mwenyewe, pamoja na Najum na kiko chake, kunahitaji idhini.

4.4 Nukuu

Ngazi ya nne ni nukuu, yaani kuyachukua maneno yenyewe. Mkataba wa Berne, katika ibara ya 10, unaweka masharti manne: kazi inayonukuliwa iwe imekwisha kutolewa hadharani kihalali; nukuu iendane na mwenendo wa haki; kiasi chake kisizidi kile kinachohitajiwa na kusudi; na chanzo pamoja na jina la mtunzi vitajwe. Sheria ya Tanzania inafuata mkondo huo. Sheria ya Kenya inaruhusu matumizi ya haki kwa makusudi kama utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na utoaji wa habari za matukio ya sasa.

Katika masharti hayo hakuna idadi ya maneno. Imani iliyoenea kwamba beti moja, au mishororo kadhaa, au asilimia fulani ya kitabu inaweza kuchukuliwa bila wasiwasi haina msingi katika sheria hizo. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika shauri la Infopaq lililotoka Denmark, ilitamka kwamba hata kipande cha maneno 11 kinaweza kulindwa iwapo kinabeba ubunifu wa mwandishi. Uamuzi huo haufungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini hoja yake inagusa ushairi kuliko utanzu mwingine wowote: katika shairi, maneno 11 yanaweza kuwa ndiyo roho ya kazi.

Kipimo cha kweli, basi, ni kusudi. Mchambuzi wa ushairi anaweza kuhitaji kunukuu shairi fupi lote, kwa sababu muwala wa hoja yake unategemea beti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Njia rahisi ya kujipima ni kuiondoa nukuu na kuuliza kama uchambuzi bado unasimama, kisha kuuondoa uchambuzi na kuuliza kama msomaji bado amepata alichokitaka. Uchambuzi ukianguka bila nukuu, nukuu ina kazi. Msomaji akitosheka na nukuu bila uchambuzi, kilichotengenezwa ni diwani, na diwani inahitaji idhini. Mwanafunzi mwenye hofu na mkusanyaji mlegevu waliotajwa katika utangulizi wanatenganishwa na kipimo hiki kimoja.

Tahadhari nyingine inahusu sheria za kigeni. Mafundisho ya Marekani kuhusu matumizi ya haki ni mapana. Mwaka 1994, katika shauri la Campbell dhidi ya Acuff-Rose, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali kwamba wimbo wa kejeli unaougeuza wimbo wa mwingine unaweza kuwa matumizi ya haki hata kama unauzwa. Uingereza iliweka msamaha maalumu wa uigaji wa kejeli mwaka 2014. Mtunzi wa Dar es Salaam au Nairobi asivichukulie vibali hivyo kuwa vyake, kwa kuwa kila nchi inapima kwa sheria yake.

4.5 Tafsiri na takhmisa

Ngazi ya tano ni ile ambayo kazi ya kwanza inaingia yote, au sehemu yake kubwa, ndani ya kazi ya pili. Tafsiri ni mfano ulio wazi. Kuifasiri kazi inayolindwa kunahitaji idhini. Kuifasiri kazi iliyo huru hakuhitaji. Lakini tafsiri ikikamilika inakuwa kazi yenye hakimiliki yake. Shakespeare alifariki mwaka 1616 na maneno yake ni ya dunia nzima. Nyerere alifariki Oktoba 1999. Kwa kipimo cha miaka 50, Kiswahili chake katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2049. Yeyote anaweza kumfasiri Shakespeare upya kuanzia sasa. Hakuna anayeweza kuichukua tafsiri ya Nyerere, kubadili maneno hapa na pale na kuiita yake.

Takhmisa inaleta swali gumu zaidi, kwa sababu inatoka ndani ya mapokeo ya Waswahili wenyewe. Katika utanzu huu wenye asili ya Kiarabu, mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenzake na kuitangulizia mitatu yake, beti ikatimia mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, imejengwa hivyo juu ya utungo unaohusishwa na Fumo Liyongo. Hapa maneno ya wa kwanza hayakudokezwa wala kunukuliwa kwa uchache, yamo yote. Hata hivyo, katika mapokeo hayo tendo hilo ni heshima. Mtunzi anayetakhmisiwa amekubaliwa kuwa anastahili kuendelezwa.

Sheria haina jina la heshima hiyo. Kwayo, takhmisa ni kazi iliyotokana na kazi nyingine, sawa na tafsiri au mageuzi. Kwa mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa na kufariki karne ya 19, hakuna tatizo: yeyote anaweza kuyatakhmisi, mradi asinakili maelezo ya wahariri au tafsiri za Kiingereza zilizochapishwa pamoja nayo katika karne ya 20. Kwa shairi la mtunzi aliye hai, au aliyefariki chini ya miaka 50 iliyopita, mapokeo yanasema "endeleza" na sheria inasema "omba kwanza".

Je, mgongano huo unaweza kusuluhishwa? Katika malumbano ya magazetini, mshairi anayetoa changamoto na kuwataka wenzake wamjibu anaweza kuhesabiwa kwamba amewaruhusu kukitumia kibwagizo chake na vina vyake katika majibu. Idhini inayotokana na desturi ni hoja yenye nguvu. Lakini idhini hiyo ina mipaka ya uwanja wake. Aliyeruhusu kujibiwa gazetini hakuruhusu shairi lake lote kuchapishwa miaka 20 baadaye katika diwani ya mpinzani wake. Kuomba idhini hakupunguzi heshima ya takhmisa. Barua fupi kwa mtunzi ingeweza hata kuhesabiwa kuwa sehemu ya adabu ya utanzu wenyewe.

5.0 Mali ya Jamii

Ngazi zilizoelezwa zinamchukulia mtunzi kuwa mtu mmoja anayejulikana. Fasihi simulizi haina mtu huyo. Methali, vitendawili, ngano za sungura na nyimbo za jando ziko nje ya hesabu ya uhai na miaka 50, kwani hakuna kifo cha kuanzia kuhesabu. Hilo halina maana kwamba ziko nje ya sheria zote. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu semi na sanaa za jadi. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria maalumu ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni.

Vielelezo vya sheria vilivyoandaliwa na UNESCO pamoja na Shirika la Hakimiliki Ubunifu Duniani mwaka 1982 vilikwisha kuuona mgongano unaoweza kutokea. Vilipendekeza kwamba matumizi ya kibiashara ya semi za jadi yahitaji idhini, lakini vikasamehe kuazima semi hizo kwa ajili ya kuumba kazi mpya ya mtunzi. Msamaha huo ni wa busara. Bila huo, tendi na riwaya nyingi zingekwama. Mwaka 1913 Muhammad Kijuma wa Lamu alitunga Utendi wa Fumo Liyongo akitumia visa vilivyokuwa vinywani mwa watu. Visa vilikuwa vya jamii. Beti zilikuwa zake. Mtunzi mwingine angeweza siku hiyohiyo kutunga utenzi mwingine wa Liyongo, na wote wawili wangekuwa sahihi.

6.0 Wizi wa Kitaaluma na Ukiukaji wa Hakimiliki

Dhana mbili huchanganywa mara nyingi katika kumbi za vyuo vikuu. Wizi wa kitaaluma ni kuwasilisha kazi au wazo la mwingine kana kwamba ni lako. Ukiukaji wa hakimiliki ni kuutumia usemi unaolindwa bila idhini wala msamaha wa kisheria. La kwanza ni kosa dhidi ya ukweli. La pili ni kosa dhidi ya haki ya mtu. Yanaweza kutokea pamoja, na yanaweza kutengana kabisa.

Mwanafunzi anayenakili kurasa za Kusadikika bila kumtaja Shaaban Robert havunji haki ya kiuchumi ya mtu yeyote, kwa kuwa muda wa ulinzi umekwisha. Bado ni mwizi wa kitaaluma, na chuo kitamhukumu. Mwanafunzi anayechukua wazo la msingi la msimamizi wake na kulieleza kwa maneno mapya havunji hakimiliki, kwa kuwa wazo halilindwi. Naye pia ni mwizi wa kitaaluma asipomtaja. Upande wa pili, mkusanyaji anayechapa diwani nzima ya mshairi aliye hai na kuandika jina la mshairi kwa herufi kubwa kwenye jalada hana wizi wa kitaaluma hata kidogo, lakini amekiuka hakimiliki waziwazi. Kutaja chanzo ni tiba ya ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa pili tiba yake ni idhini.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la kama kuazima kunaruhusiwa halina jibu moja, kwa kuwa neno kuazima linajumuisha matendo matano yaliyo tofauti. Umbo na dhamira ni huru. Udokezi wa jina na ishara ni huru pia. Kielelezo cha mhusika ni huru, lakini mhusika kamili wa kazi inayolindwa si huru. Nukuu inaruhusiwa kwa kiasi cha kusudi lake na kwa kutajwa kwa mtunzi. Tafsiri, mageuzi na takhmisa vinahitaji idhini hadi kazi ya kwanza iingie katika milki ya umma.

Matokeo yake kwa wasomi ni ya vitendo. Wasimamizi wa tasnifu hawana sababu ya kuwakataza wanafunzi kunukuu beti wanazozichambua. Wanayo sababu ya kuwauliza kila nukuu inafanya kazi gani. Wahariri wa diwani na vitabu vya shule wana wajibu wa kuwatafuta watunzi au warithi wao kabla ya kuchapa, si baada ya kulalamikiwa. Watunzi vijana, kwa upande wao, wana hazina ambayo wengi wao hawajaitumia: Muyaka, Kijuma na sasa Shaaban Robert wako mikononi mwao. Mapokeo ya Kiswahili hayakukua kwa kila mtunzi kujifungia chumbani kwake. Yalikua kwa sababu beti iliyotungwa Mombasa ilijibiwa Lamu, na aliyejibu alijua anamjibu nani.